Naomba ushauri: mzigo ulipokelewa, malipo hayatoki

Hamjambo ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Likoni, Mombasa, tunashona sare. Tulijisajili AGPO, ule mpango wa asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tukapata kazi ya ofisi moja ya umma. Mzigo ulipokelewa, stakabadhi ina muhuri na sahihi, ankara tumepeleka. Kila tukienda ni "njooni wiki ijayo". Barua nazo hazijibiwi. Vyerehani viwili vimefunikwa kwa kukosa kitambaa, huku mkopo unadaiwa. Inauma, maana zabuni bila malipo inatudidimiza zaidi.

Hatua gani ya kisheria inafuata barua ikipuuzwa? Na je, Hazina ya Wanawake (Women Enterprise Fund, mfuko wa serikali wa mikopo kwa wanawake) hukopesha kwa ankara ambayo haijalipwa, au kwa LPO mpya tu, yaani hati ya kuagiza bidhaa?