Kiuno na nyonga zisizopoa: kina mama wa Bagamoyo tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Huku kwetu kila wanawake wakikaa, iwe sokoni iwe kwenye shughuli, lazima mmoja ashike kiuno aseme chango linamtesa, anapewa mizizi anakunywa, mwezi ukiandama yaleyale. Jamani mgongo ukiuma zaidi ya miezi 3, au nyonga na chini ya kitovu miezi 6, madaktari wanaita maumivu sugu na yana vyanzo vyake, tena vingi. Kwa hiyo nambieni, yako yalianzaje, unafanya kazi gani, uzazi wako ukoje, hedhi je?

Mama Mwani, Mlingotini:
Mi yalianza na mimba ya pili. Nesi akanielewesha kwamba mimba inalegeza viungo vya nyonga ili mtoto apite, sasa mi mtoto bado mchanga nikarudi baharini, bamvua likifika unainama mpaka maji yajae, unafunga mwani kwenye kamba, halafu unaubeba mbichi unachuruzika maji hadi ufukweni. Nyumbani nako mbuzi ya nazi inakungoja. Mazoezi ya nyonga niliyofundishwa hospitali yamenisaidia sana ila nikiacha tu maumivu yanarudi.

Binti wa Dunda:
Mi sijazaa kabisa. Tangu nimevunja ungo hedhi inanilaza, shule nakosa, bibi anasema ukiolewa itapoa. Nimeolewa haikupoa, na tendo lenyewe likawa mateso, hata kwenda haja kubwa siku za hedhi nalia. Ultrasaundi ikatoka safi nikaambiwa sina kitu!! Mpaka nilipofika kwa daktari wa wanawake Dar ndo nikasikia endometriosisi, yani nyama kama ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, na ultrasaundi inaweza isiione. Shirika la Afya Duniani linasema inawapata karibu 10% ya wanawake wa umri wa kuzaa, sasa hapa Bagamoyo tuko wangapi tunaambiwa chango? Inaniuma sana hii.

Mdau wa Kaole:
Mimi ni pid, yani maambukizi ya kizazi na mirija yake. Nilitibiwa, nikapona, nikarudi kwa mume ambaye hajameza hata kidonge kimoja, ikarudi. Sasa maambukizi hayapo ila maumivu yamebaki, daktari anasema ni makovu ya ndani. Dada zangu mtibiwe wote wawili.

Mama Mapacha:
Na sisi tuliojifungua kwa operesheni? Mi naamini ni ile sindano ya ganzi ya mgongo.

Muuguzi Mstaafu:
Mama Mapacha pole mwanangu. Sindano ile pale ilipochomwa huuma siku chache tu, maumivu ya miaka chanzo chake tafuta kwingine: misuli ya tumbo iliyolegea, kunyonyesha umejikunja, mapacha mgongoni, au makovu ya upasuaji. Uzito nao, na uvimbe kwenye kizazi. Na lile tusilopenda kulisema, mwanamke anayepigwa, aliyeingiliwa kwa nguvu, mwenye sonona, asiyelala, maumivu humganda zaidi, na ni maumivu ya kweli si ya kujifanya. Ila ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo umeziba au unajitokea, miguu inaishiwa nguvu, homa na uchafu wenye harufu, au damu wakati ulishakoma hedhi, usisubiri hata kesho, nenda hospitali.

Mama Mapacha:
Ahsante mama. Mkojo unanitoka nikikohoa, na hiyo ni ya kwenda leo?

Muuguzi Mstaafu:
Ukikohoa tu, na huna ganzi wala udhaifu wa miguu, si ya dharura, ni misuli ya chini imelegea, ina mazoezi yake. Ila nenda wiki hii wakuone, na waambie yote mawili, kiuno na mkojo.