Kesi za pamoja Marekani: tuwabane mawakili au tuwafungie watu mlango?

Wakuu, salaam. Naleta hili tulijadili kwa sababu Jumamosi iliyopita, kwenye harusi hapa Ohio, mzee mmoja ninayemheshimu sana alilimaliza kwa sentensi moja na sisi wengine tukanyamaza. Alikuwa amepata hundi ya dola 4 kutoka kwenye kesi ambayo hakuifungua wala hakujua kama yumo. Barua iliyokuja na hundi ilisema mawakili wanalipwa mamilioni. Akasema kesi za namna hii zifutwe zote, ni ulaji wa mawakili tu.

Mzee wangu, shikamoo. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya shughuli, lakini sikubaliani nawe.

Kwa wasioishi huku: mahakama za shirikisho za Marekani zina Kanuni ya 23 ya mwenendo wa kesi za madai, na sura yake ya leo imetokana na mabadiliko ya 1966. Mtu mmoja au wachache wanaruhusiwa kushtaki kwa niaba ya kundi zima, hata la mamilioni. Katika kesi za kudai fidia, kila aliyeguswa anahesabiwa yumo mpaka aandike kwamba anajitoa. Ndiyo maana mzee alijikuta ndani bila kuitwa. Jaji naye halipokei kundi hivi hivi. Lazima aridhike kwamba watu ni wengi mno kuunganishwa mmoja mmoja, kwamba kuna suala la kisheria au la ukweli wa mambo linalowahusu wote, na kwamba aliyejitokeza mbele yao ana dai kama lao na ataweza kuwatetea.

Kwa nini utaratibu huu upo? Jaji Richard Posner alilieleza vizuri mwaka 2004 katika kesi ya watu milioni 17: ukiizuia kesi moja ya watu hao, hutapata kesi milioni 17, hutapata hata moja, maana mwenye akili zake hashtaki kwa dola 30. Kampuni inayomkata kila mteja dola 30 inalijua hilo kabla ya wewe kulijua.

Sasa, malalamiko ya mzee yana ukweli ndani yake, na sitaki kuyapita juu juu. Google walishtakiwa kuhusu faragha ya watu waliotumia mtambo wao wa kutafuta taarifa. Wakakubaliana kulipa dola milioni 8.5. Kundi lilikuwa na watu wapatao milioni 129. Unajua walipata nini? Ukiwaondoa wachache waliotajwa kwa majina kwenye kesi, hawakupangiwa hata senti. Sehemu kubwa ya fedha ilipangiwa vyuo na taasisi, na mawakili wakapangiwa zaidi ya dola milioni 2. Mahakama ya Juu iliipokea kesi hiyo, na mwaka 2019 ikairudisha chini bila kusema kama mgao wa aina hiyo ni halali. Mimi hilo linaniuma. Huwezi kudai kwa jina la mtu kisha umruke wakati wa kugawa.

Bunge la Marekani liliwahi kushughulikia sehemu ya ugonjwa huu. Sheria ya 2005, iliyosainiwa na Rais George W. Bush, ilizipeleka kesi nyingi kubwa za makundi, zile za zaidi ya dola milioni 5, kutoka mahakama za majimbo kwenda za shirikisho. Pia iligusa mtindo wa kuwalipa watu kwa vocha za punguzo. Pale ujira wa wakili unapopimwa kwa thamani ya vocha, zinahesabiwa zile zilizotumika kweli. Mwaka 2018 Kanuni ya 23 nayo ikarekebishwa: taarifa zikaruhusiwa kutumwa kwa barua pepe, na mtu anayeweka pingamizi dhidi ya makubaliano hawezi tena kulipwa pembeni aliondoe bila jaji kuridhia.

Kwa hiyo kurekebisha kunawezekana. Mgogoro uko kwenye marekebisho ya aina gani.

Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa mbunge Bob Goodlatte kwa kura 220 dhidi ya 201. Ulikuwa na jambo moja zuri: wakili asubiri malipo yake mpaka fedha ziwafikie watu. Lakini ulitaka pia ithibitishwe kwamba kila mmoja kwenye kundi ameumia kwa aina na kiwango kilekile kama yule aliyefungua kesi. Soma tena maneno hayo. Kiwango kilekile! Umekatwa dola 40, mwenzako 300, na mkataji ni mmoja kwa hila ileile, halafu uambiwe nyinyi si kundi? Muswada ulifia Seneti, lakini fikra yake haikufa.

Hoja ya makampuni ninaielewa. Wanasema kundi likijazwa watu wasioumia, deni linavimba mpaka kampuni inalipa kwa woga tu, hata kama ingeshinda. Swali la kundi lenye watu wa namna hiyo lilifika Mahakama ya Juu katika kesi ya Labcorp, kampuni ya vipimo vya maabara, na Juni 2025 majaji wakaiweka kando bila kulijibu. Si swali la kijinga. Lakini jibu lake likivutwa mno, angalieni linakotufikisha.

Mwaka 2011 Sergio Ramirez alikwenda kununua gari California. Muuzaji alipovuta taarifa zake za mikopo kutoka TransUnion, kampuni inayokusanya taarifa za mikopo ya watu, zikaonyesha jina lake linaweza kuwa kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Gari likanunuliwa kwa jina la mkewe. Kampuni ilikuwa inalinganisha jina la kwanza na la mwisho, basi; hata tarehe ya kuzaliwa haikuangaliwa. Waliobandikwa alama hiyo katika kundi lake walikuwa 8,185. Juni 2021 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema wenye haki ya kudai fidia ya kuchafuliwa jina huko kwenye mahakama ya shirikisho ni 1,853 tu, wale ambao taarifa zao zilishafika kwa watu wengine.

Wakuu, wangapi kati yetu huku tunaitwa Mohamed Ali au Hassan Salim?

Na kuna mlango mwingine uliofungwa kimya kimya. Wanandoa wa California waliahidiwa simu za bure, wakatozwa kodi ya dola 30.22. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kipengele cha mkataba kinachomlazimisha kila mteja aende peke yake kwa msuluhishi, nje ya mahakama, lazima kiheshimiwe. Mwaka 2018 wafanyakazi nao wakaingizwa humo. Mimi nilipoanza kazi kwenye ghala moja nilipewa tableti nisaini hapa, hapa na hapa. Baadaye tukagundua tunakatwa robo saa kila zamu. Wakili niliyemwendea aliniuliza kwanza nilisaini nini. Nilipomwonyesha, akanirudishia karatasi zangu. Robo saa ya mtu mmoja hailipi hata nauli ya kwenda kwa msuluhishi.

Ninachotaka ni hiki. Ujira wa wakili ufuate fedha zilizofika mikononi mwa watu. Kampuni yenye anwani na akaunti za wateja wake iwatumie malipo bila kuwajazisha fomu. Na Bunge lifanye kwa mishahara na wateja kile lilichofanya Februari 2022 kwa unyanyasaji wa kingono kazini, lilipomruhusu aliyenyanyaswa kwenda mahakamani hata kama alisaini usuluhishi. Ile ya kiwango kilekile cha maumivu, hapana.

Tusidhani pia kwamba ni mambo ya hundi tu. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliwabana majaji wa chini wasitoe zuio la nchi nzima linalovuka wadai walio mbele yao. Tarehe 10 Julai Jaji Joseph Laplante wa New Hampshire akalikubali kwa muda kundi la watoto ambao amri ya Rais Trump ingewanyima uraia wa kuzaliwa, akaizuia isiwaguse. Alitumia Kanuni hiyohiyo ya 23 ambayo mzee anataka ifutwe. Kwenye harusi ile kulikuwa na wajawazito wawili ninaowafahamu ambao bado wanasubiri karatasi zao.

Nawakaribisha wenye mawazo tofauti. Lakini anayetaka kanuni ibanwe zaidi aanze kwa kunijibu hili: wale 6,332 walioachwa nje kwenye kesi ya Ramirez, kila mmoja akiwa na alama ya ugaidi kwenye faili lake, alitakiwa aende wapi, na wakili gani angempokea peke yake?