Nina Hashimoto miaka mingi, sasa kivimbe kimekutwa na saratani. Nitoe tezi ya thairoidi nusu au yote?

Upepo wa Kusi
Wakuu habari za humu. Mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Mimi ni mwanamke, umri miaka 38. Nina Hashimoto, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia tezi ya thairoidi hadi inakaa imevimba muda wote. Nameza levothairoksini (vidonge vya homoni ya thairoidi) kila asubuhi, TSH, kile kipimo cha damu cha kuangalia kazi ya tezi, imetulia, maisha yanaenda. Altrasaundi ya karibuni ikaonyesha kivimbe upande wa kulia, sentimita 1.4, kingo hazijanyooka, ndani kina vidoa vyeupe vidogo vidogo. Nikachomwa sindano ya kuchukua seli, majibu yakaja: saratani ya papilari, ile aina ya kawaida zaidi ya saratani ya thairoidi. Ripoti inaongeza kwamba kuna tezi za limfu kadhaa zimekua chini ya thairoidi, pembeni ya bomba la hewa.

Daktari mmoja anasema tutoe nusu. Mwingine anasema yote, pamoja na hizo limfu. Maswali yangu: Hashimoto ndiyo iliyonizalia hii saratani? Limfu kukua maana yake imeshasambaa? Na nimsikilize nani?

Wauza dawa za kusafisha damu naomba mpite kushoto.

Jiwe la Pembeni
Pole sana dada. Sina utaalamu, nafuatilia tu, maana mke wangu naye ana Hashimoto.

Mzee wa Darubini
Pole dada yangu. Kazi yangu ni kusoma slaidi maabara, yaani vile vioo vyenye seli za mgonjwa, kwa hiyo nitaongea ya upande wangu.

La kwanza, chanzo. Hakaru Hashimoto aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912 kwa wanawake wanne, na tangu 1955 watu wanabishana kama unazaa saratani. Ukihesabu wagonjwa waliopasuliwa, magonjwa haya mawili yanakutwa pamoja mara nyingi. Ukihesabu waliochomwa sindano tu, uhusiano unapungua sana. Sababu ni kwamba anayefika kwenye kisu tayari ana kitu kilichotiliwa shaka, hivyo hesabu inaanza ikiwa imeinama upande mmoja. Halafu kuna uwezekano wa kinyume: saratani yenyewe huita chembe za kinga zije kuizunguka. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukuambia kwamba kwako wewe hiki kilizaa kile. Tafiti nyingi zinakubaliana kwenye jambo moja: papilari iliyoota kwenye tezi ya Hashimoto huwa ndogo zaidi, husambaa kidogo zaidi kwenye limfu, na hurudi mara chache.

La pili ndilo ninalotaka ulishike. Hashimoto inachafua karibu kila kipimo. Kwenye altrasaundi tezi nzima inakuwa na mabaka, na baka linaweza kusomwa kama kivimbe. Kwenye slaidi, uvimbe huu unazalisha seli za Hürthle zenye viini vikubwa, na zikikaa vibaya zinamdanganya msomaji akaona saratani. Sasa itoe ripoti yako uangalie daraja la Bethesda, ile namba ya 1 hadi 6 inayopangwa kwa majibu ya sindano. Ikiwa ni 6, wameiona saratani. Ikiwa ni 5, wanaishuku sana, hawajathibitisha. Ikiwa ni 3, hayo hayakuwa majibu ya saratani hata kidogo na mtu kakufupishia. Vyovyote vile, omba slaidi zisomwe na mtu wa pili, tena aandikiwe wazi kwamba mgonjwa ana Hashimoto. Slaidi ni zako, unaruhusiwa kuomba.

Na hizo limfu chini ya tezi? Kwa mwenye Hashimoto kuzikuta zimekua ni jambo la kawaida mno. Zinafanya kazi ya kinga, basi. Ya kuogopesha ni ile iliyoviringana, imepoteza ule mstari mweupe wa katikati, ina vidoa vyeupe au maji ndani, hasa ikiwa pembeni ya shingo. Ya hivyo inachomwa sindano yake peke yake, na yale maji ya kusuuzia sindano yanapimwa thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairoidi.

Upepo wa Kusi
Nimeangalia. Ni 6. Limfu wameandika "zimekua" tu, hawakueleza umbo.

Mzee wa Darubini
Basi kwenye kivimbe hakuna ubishi mkubwa. Kwenye limfu, "zimekua" ni neno tupu. Rudia altrasaundi ya shingo nzima, pande zote mbili, kabla ya kisu. Papilari nyingi hukua polepole, wiki chache za kupata picha safi hazikuharibii kitu.

Mizizi Asilia
Dada usikubali kukatwa!! Nina dawa inayeyusha uvimbe wote, njoo inbox

Jiwe la Pembeni
Wewe "mpite kushoto" uliisoma kulia?

Mshona Nyuzi
Nafanya kazi chumba cha upasuaji. Madaktari wako wawili wote wanaweza kuwa sahihi, usiwaone wanagombana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 ulisema saratani ya sentimita 1 hadi 4 ambayo haijatoka nje ya tezi wala kufika kwenye limfu ingeweza kutolewa kwa nusu au kwa yote. Faida ya kubakiza nusu ni mbili: hatari ya kuumiza mshipa wa sauti na vitezi vya kalsiamu (vile vidogo vilivyo nyuma ya thairoidi vinavyosimamia kalsiamu ya damu) inapungua, na wengine wanabaki bila kumeza vidonge maisha yote. Kwako hiyo ya pili haina uzito, vidonge unameza tayari. Ya kwanza bado ina uzito, tena mkubwa.

Nusu itakayobaki nayo itaendelea kuwa na mabaka, na kila altrasaundi italeta maswali mapya. Kuna mgonjwa anayeishi na hilo vizuri, kuna anayechanganyikiwa. Jijue wewe ni yupi.

Tezi ya Hashimoto ni ngumu kuitoa. Inanata, inavuja damu, na vile vitezi vya kalsiamu vinafanana na limfu. Muulize daktari anafanya upasuaji wa thairoidi mara ngapi kwa mwaka. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliona matatizo yanapungua kwa wanaofanya zaidi ya 25. Akikasirika kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Kovu la Shingo
Dada, mimi nilitoa yote, nilikuwa na Hashimoto kama wewe. Jioni ile midomo ilianza kufa ganzi, halafu ncha za vidole zikawa zinachomachoma. Ni kalsiamu imeshuka. Ukisikia hivyo mwite nesi papo hapo, usisubiri raundi ya asubuhi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi linahusu kipimo cha kufuatilia. Tezi ikishatoka yote, wanapima thairoglobulini, ikiwa sifuri mnafurahi. Ila wengi wenye Hashimoto tuna kingamwili dhidi ya thairoglobulini, na hizo zinakifanya kipimo kisome chini hata kama kitu kipo. Kwa hiyo sifuri yangu peke yake haikuwa na maana. Daktari wangu anaangalia kingamwili zenyewe: zikishuka mwaka hadi mwaka, vizuri, zikianza kupanda, tunatafuta. Huchukua miaka kuisha, usiogope zikichelewa. Na pimia maabara ileile kila mara, mashine tofauti hutoa namba zisizolinganishika.

Mtoto wa Mwisho
Samahani kuingilia uzi. Mama yangu ana miaka 67, Hashimoto ya zamani. Shingo imevimba ndani ya wiki chache tu na sauti inakwaruza. Ni hiyohiyo papilari?

Mzee wa Darubini
Ndugu, hilo ni jingine na halisubiri. Uvimbe unaokua haraka hivyo kwa mama mwenye Hashimoto lazima itafutwe limfoma ya thairoidi, yaani saratani ya chembe za kinga zilizo ndani ya tezi. Ni adimu sana, ila Hashimoto ndiyo udongo wake. Nyingine zinazokua kasi hivyo zipo, nazo hazisubiri vilevile. Mpeleke wiki hii. Akianza kushindwa kupumua au kumeza, nenda dharura saa hiyohiyo. Sindano nyembamba inaweza isitoshe, uliza kuhusu sindano nene ya kukata kipande. Ikiwa ni limfoma, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na mionzi, kisu si tiba yake kuu.

Mtoto wa Mwisho
Asante mzee wangu. Kesho asubuhi tunaenda.

Upepo wa Kusi
Naomba altrasaundi nyingine kwanza, halafu ndiyo nichague. Kwa sasa naelekea kutoa yote kama daktari ana uzoefu, maana najijua, kila baka litanikosesha usingizi. Swali la mwisho: natumia vidonge vya nywele vyenye biotini, vina shida?

Mshona Nyuzi
Vina shida kwenye vipimo, si kwenye tezi. Kwenye mashine nyingi biotini inashusha namba ya TSH na ya thairoglobulini kwa uongo. Acha angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na mwambie mtu wa maabara ulikuwa unatumia.