Juya ndani ya ghuba ya Chwaka: sie wa nje ya mwamba tuchangie au haituhusu?

Jamani tulijadili hili kwa roho safi. Kila nikikaa barazani nasikia ugomvi wa juya, ule wavu wa kukokota, ni wa Chwaka na Marumbi wenyewe, vijiji vya ghuba hii mashariki ya Unguja, wenye juya na wenye madema (mitego ya kusuka) wamalizane, sie wa mshipi nje ya mwamba haituhusu. Mi nasema inatuhusu, tena sana.

Maji yakipwa ya bamvua pale Chwaka unaona nyasi bahari zimelala mpaka mbali, nyuma yake mikoko ya hori la Mapopwe. Humo ndo wanamolelewa watoto wa changu, pono na chafi. Changu akishakua anahama, anatoka kwenye majani anaelekea mwambani, ndo huyo tunamvua huko tukasema bahari imetupa. Sasa juya likikokotwa kwenye majani halichagui. Mwezi uliopita nimenunua mtungo hapo diko, changu kumi na mbili, mkubwa wao hafiki kiganja changu, nikawapasua wote hakuna hata mmoja mwenye mayai, nikabaki nawatazama kwenye beseni roho inaniuma maana hao ndo wangekuwa samaki wetu wa mbele huko.

Na mwamba nao unailea ghuba, mawimbi ya kusi yanavunjikia kule, ndani maji yanatulia majani yanashika mizizi.

Ila tusitie chumvi kwamba mikoko inalisha bahari yote. Utafiti uliofanywa ghuba ya Gazi, Kenya, miaka ya 90 ulionesha mabaki ya majani ya mikoko mengi yananasa kwenye nyasi bahari hapo hapo ghubani, mwambani hayafiki. Kinachotoka ni samaki wenyewe kwa mapezi yao, kwa hiyo ukimmaliza mtoto humo ndani hakuna kingine kitakachokuja badala yake.

Sasa kijana wa juya ukimwambia aache kesho, watoto wake wanakula nini? Hapo ndo penye kazi. Gazi hao hao tangu 2013 wanauza kaboni ya mikoko kupitia mradi wa kijiji uitwao Mikoko Pamoja, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayonaswa na mikoko wanayoitunza, hela inaingia kwenye maji na skuli za kijiji. Kwa nini sie kila boti ya nje ya mwamba isikatwe kidogo mnadani, hela iwanunulie wale vijana madema na mishipi? Faida tunaila sie, hasara tunawaachia wao peke yao.

Wenye boti semeni, mtatoa? Na kama hamtoi mnipe sababu.