Naomba ushauri: kodi ya jengo kwenye LUKU ni ya mpangaji au mwenye nyumba?

Habari za leo wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga fremu Ngamiani hapa Tanga. Mita ni moja kwa fremu mbili na nyumba ya nyuma. Kwa kuwa pasi na cherehani ndivyo vinavyokula umeme, anayekimbilia kununua LUKU ni mimi. Juzi nimeweka 5,000, nikaona uniti chache. Kusoma meseji vizuri: 1,500 imekwenda kodi ya jengo.

Najua tangu 2021 kodi hii inakatwa kwenye umeme. Najua pia mwenye kudaiwa ni mwenye jengo, mimi nalipa tu kwa niaba. Nikamwomba mzee mwenye nyumba anikatie kwenye pango. Akanijibu, "Mwanangu, umeme si unautumia wewe?" Nikaishiwa maneno, maana mzee mwenyewe ananiheshimu na shikamoo yangu haipiti bure.

Sasa kuna na hili la kodi ya zuio. Pango langu ni 60,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita kwa mkupuo, 360,000. Nimeambiwa mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10, yaani 36,000, akaipeleke TRA. Mzee anasema hela yake haikatwi hata senti, na mkataba wetu wa karatasi moja haugusii kodi yoyote.

Waliopitia haya, mlifanyaje? TRA wakija wananibana mimi au yeye? Mkataba unaisha mwezi ujao, nataka niandike kipengele cha kodi bila kumuudhi mzee.