Mifumo sambazi tunasoma kwa peni na karatasi. Hela ya maabara inaenda wapi?

Wakuu salaam. Nipo mwaka wa mwisho, sayansi ya kompyuta, chuo kimoja hapa Mbeya (jina silitaji, nataka kumaliza salama). Nimekuja na hasira, mnivumilie.

Semesta hii tuna mifumo endeshi ya ngazi ya juu pamoja na mifumo sambazi (kompyuta nyingi zikifanya kazi moja kwa pamoja). Ukiusoma mtaala unatamani urudi shule: kaneli (kiini cha mfumo endeshi), usimamizi wa kumbukumbu, seva kufikia makubaliano hata zingine zikifa. Njoo sasa kwenye pindi. Lekchara anawasha projekta, anasoma slaidi neno kwa neno, umeme ukikatika anasema yaliyobaki malizieni wenyewe, desa lipo steshenari. Desa lenyewe limepigwa kopi juu ya kopi mpaka michoro imebaki madoa meusi, na linataja Windows XP kama mfumo endeshi wa kisasa. XP, wakuu! Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia 2014.

Maabara ipo, na tunailipia kila mwaka. Mashine nyingi haziwaki. Zinazowaka zimefungwa, huruhusiwi kuweka programu yoyote, paswedi anayo fundi mmoja, naye akisafiri ndiyo basi tena. Kwa hiyo "mazoezi kwa vitendo" yetu ni kuandika programu za C kwa peni. fork() kwa peni. Semafora kwa peni. Halafu unakatwa maksi kwa kusahau nukta mkato, kosa ambalo kompaila ingekuonyesha palepale hadi namba ya mstari.

Kilichonifanya nifungue uzi ni testi. Swali lilikuwa: kompyuta mbili kwenye mfumo sambazi zinajuaje tukio lipi lilitangulia? Swali zuri kabisa. Nikaeleza saa za kimantiki za mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, za mwaka 1978. Saa za mashine mbili huwa zinapishana, na moja ikiwa nyuma hata kidogo, ujumbe unaweza kuonekana umepokelewa kabla haujatumwa. Basi kila mashine inatunza hesabu yake, kila tukio inaongeza moja, na ujumbe unasafiri na hesabu ya aliyetuma. Anayepokea anachukua iliyo kubwa kati ya yake na iliyokuja, anaongeza moja. Nikaweka na mfano: seva ya Mwanjelwa inatuma ikiwa kwenye 4, ya Tunduma ipo kwenye 2, ikipokea tu inarukia 5. Nikataja mpaka udhaifu wake, kwamba namba kuwa ndogo peke yake si ushahidi kuwa tukio hilo lilitangulia.

Sifuri. Pembeni wino mwekundu: "Rejea slaidi." Slaidi inasema kila kompyuta huangalia saa yake. Mwisho.

Nikaenda ofisini kwa adabu zote, shikamoo mwalimu, nikaweka karatasi mezani. Hakuisoma. Akaniuliza kama nimekuja kusoma au kufundisha.

Najua watakuja wa "nchi yetu bado maskini, seva ni ghali". Hapana, msitulaghai. xv6 ni mfumo endeshi mdogo uliotengenezwa MIT kwa ajili ya kufundishia, ni bure, unawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kwenye laptopu ya kawaida tu. Unaufungua, unabadilisha kaneli, unaiharibu, unawasha upya, laptopu haijapata hata mkwaruzo. Profesa Andrew Tanenbaum alitoa mfumo endeshi wa MINIX 1987 kwa kazi hiyohiyo ya kufundishia, na ndiyo Linus Torvalds alikuwa akiitumia alipoanza kuandika Linux 1991, mwanafunzi kama sisi, kule Helsinki.

Mifumo sambazi nayo haidai chumba cha seva. Sisi wa geto tulichangishana bando kutoka kwenye bumu, tukaandika Raft, ile njia ya makubaliano iliyotoka 2014, tukaendesha seva 5 ndani ya laptopu moja, kila moja na poti yake. Hapo tumejifunika blanketi, si mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa sita. Tukaua kiongozi. Zilizobaki zikapiga kura, kiongozi mpya kapatikana hata hatujamaliza kucheka. Tukaua ya pili, kazi inaendelea. Tukaua ya tatu, mbili zilizobaki zikagoma kuandika chochote, kwa sababu kwenye 5 wingi ni 3 na zenyewe hazifiki. Mwenzangu alishangilia mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Hatuombi mashine mpya. Tunaomba paswedi, Linux kwenye zile zinazowaka, na saa mbili kwa wiki. CR, kiongozi wetu wa darasa, alipeleka barua idarani, ikagongwa muhuri, tangu hapo kimya.

Na asije mtu hapa na "chuo ni kujiongeza". Tumejiongeza, tukapigwa sifuri kwa kujiongeza.

Mliopita vyuoni nisaidieni: rufaa ya maksi za testi inafika juu, au inarudi kwa yuleyule aliyesahihisha? Na mlio Iringa, nyie mnashika mashine au na nyie mnachora? UE (mtihani wa mwisho wa semesta) inakaribia, sapu siitaki, nataka nijue mapema kama niandike ya Lamport au ya slaidi.