Tupeane uzoefu: zoo za Marekani, sehemu gani inastahili hela na muda wako?

MtuWaKilosa
Wakuu habari za wikiendi. Jirani yangu hapa Dallas kaniuliza eti nyie mliotoka Tanzania zoo mnaionaje, nikajikuta nimeongea mpaka chai imepoa. Nimeona nilete hapa, wengi mmezunguka haya majimbo na watoto kila likizo ya kiangazi. Msimamo wangu ni huu: aliyekulia Kilosa, Mikumi ile pale, sehemu ya Afrika airuke kabisa. Twiga nimewaona dirishani kwenye basi la Iringa, bure. Hela ya hapa ilipie ambacho kwetu hakipo.

Kwangu mimi namba moja ni Omaha, Nebraska. Wana kuba kubwa la vioo linaitwa Desert Dome, jangwa zima liko ndani, mchanga mwekundu mpaka kilimani, halafu ukishuka chini yake unaingia Kingdoms of the Night, usiku mtupu. Mchana wao wamezima taa ili popo na wenzake waamke, usiku wanawasha ili walale. Unatembea kwenye pango, kisha kinamasi, macho yanachukua muda kuzoea, na ghafla unagundua kitu kilikuwa kinakutazama muda wote. Haya leteni zenu.

jua_kali_KC
Omaha nakubali asilimia mia. Nenda Januari. Nje theluji, ndani ya Lied Jungle, msitu wao wa mvua ulio ndani ya jengo, unavua koti na sweta.

MamaPacha_Ohio
Mtu wa Kilosa, hapo kwa Afrika sikubaliani nawe hata kidogo. Wewe twiga umemwona, mwanao je? Wanangu wamezaliwa hapa, na nauli ya familia ya watu watano kwenda Dar msimu wa Desemba unaijua. Wewe uko Dallas na unatupeleka Nebraska wakati zoo ya hapo kwenu ina Giants of the Savanna, tangu 2010, tembo na twiga na pundamilia wako eneo moja, hawajatengwa kila mmoja na uzio wake kama duka. Mwanangu alimlisha twiga jani la letisi akauona ule ulimi mweusi mrefu unavyojikunja, akanyamaza, mtoto asiyenyamazaga yule. Akaniuliza mama hawa ndio wa kwenu? Nikamwambia ndio, wa kwetu. Hiyo siiruki mimi.

MtuWaKilosa
Mama Pacha nimekusikia. Lakini twiga wa Dallas akilala anaingizwa ndani na anafungiwa mlango. Sijui mtoto anajifunza nini hapo.

MamaPacha_Ohio
Anajifunza kwamba yupo. Kidogo hicho?

Nanyuki_Boy
Mimi nitasema San Diego na sitabadilisha. Na si ile ya mjini yenye panda, ingawa hao panda wapya walifunguliwa Agosti 2024 na foleni ni ndefu. Nasema Safari Park, kule Escondido, ekari 1,800, vifaru wanatembea kwenye bonde wazi na wewe uko juu unawaangalia. Mimi ni wa Nanyuki, hifadhi ya Ol Pejeta ni karibu na kwetu, kifaru Sudan nilimjua kabla dunia nzima haijamjua. Sasa nikaenda Safari Park wakati Nola bado yuko hai, kifaru mweupe wa kaskazini, wakati huo walikuwa wamebaki wachache sana duniani, yeye huku na wengine kwetu. Alikuwa amelala kwenye matope, pembe yake imepinda kuelekea chini, na watu wanampita wakikimbilia simba. Nilisimama pale nikitaka kuwashika watu mashati niwaambie mnajua huyu ni nani? Akafa Novemba 2015. Sudan akafuata Machi 2018. Sasa wamebaki Najin na binti yake Fatu, kwetu Ol Pejeta, hakuna dume. Seli za hao vifaru zimehifadhiwa kwenye baridi kali huko huko San Diego, na wanasayansi wanajaribu kupandikiza viinitete kwa vifaru weupe wa kusini. Kwa hivyo mtu akiniambia sehemu ya Afrika niiruke, aniambie nikikutana na Nola mwingine nipite tu?

MtuWaKilosa
Hapo umenikamata mkuu.

Mchaga_wa_Maryland
Watu wa DC tusisahau, zoo yetu ya Smithsonian hapa Washington ni bure. Panda wawili, Bao Li na Qing Bao, walianza kuonekana Januari 2025. Ila mimi panda sina hamu nao, anakula mianzi analala, anaamka anakula mianzi. Nenda nyumba ya mamalia wadogo ukawaone fuko wale wasio na manyoya, wa Kenya na Somalia, wanaishi na malkia mmoja kama nyuki, wamekaa kwenye vyumba vya kioo na mirija, utaona mmoja anasukuma uchafu kwa miguu ya nyuma mwenzake anampita juu ya mgongo bila hata samahani. Wanaishi zaidi ya miaka 30 na saizi yao ni ya panya. Saa nzima inaisha.

Ushauri: paki yao ni ghali. Panda treni ya Red Line ushukie Cleveland Park, usishukie Woodley Park, ile ina mlima utaulaani huku unasukuma kigari cha mtoto.

Bonge_la_Bwana
Uongo. Woodley ndiyo inayotajwa na kila mtu, jina la zoo liko mpaka kwenye kibao cha kituo.

Mchaga_wa_Maryland
Jina liko, mlima pia uko. Mimi naishi hapa.

Mtoto_wa_Uvira
Wandugu, niko Saint Louis. Zoo yetu kuingia ni bure, tunailipia kwa kodi. Wageni wote wanapelekwa kwa pengwini, lakini mimi nitakwambia nenda kwenye Flight Cage, lile banda kubwa la waya la ndege. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1904, na mpaka leo unapita ndani yake, ndege wa kinamasi wanaruka juu ya kichwa chako. Ni kuzuri kabisa.

Lakini kila nikiingia mule nakumbuka maonyesho yale yale ya 1904 ndiyo waliyomleta Ota Benga, kijana Mbuti wa kwetu Kongo, akawekwa watu wamwangalie. Miaka miwili baadaye, 1906, wakamweka Bronx Zoo kwenye nyumba ya nyani. Mtu! Watu walikuja kwa maelfu. Wachungaji weusi wa New York ndio walipiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi tena nyumbani. 1916 akajipiga risasi huko Lynchburg, Virginia. Wenye Bronx Zoo waliomba msamaha 2020, miaka 114 imepita. Ndiyo maana wakiniambia Congo Gorilla Forest ya Bronx ni nzuri kuliko zote Amerika, mimi nasema sawa, lakini siendi.

Dada_Mchumi
Pole sana ndugu. Mimi nimeenda Bronx mara nyingi na hii habari sikuijua mpaka ilipoandikwa 2020. Nimesoma hapa nimekaa kimya.

Njoo_Tanga
Kwa heshima zote, waliofanya 1906 wamekufa. Ile sehemu ya sokwe ilifunguliwa 1999, na ile hela ya ziada ya kiingilio ilikuwa inakwenda kulinda misitu ya Afrika ya Kati, ukitoka ulikuwa unachagua kwenye skrini mradi gani upewe. Kususa kunamsaidia nani?

Mtoto_wa_Uvira
Kunanisaidia mimi. Sijakukataza wewe kwenda.

Mlimba_hadi_Jersey
Naombeni nafasi maana uzi huu umegusa pabaya. Uvira uko sahihi, na mimi vilevile nina deni na Bronx ambalo sijui nitalilipaje.

Nimekulia Mlimba. Bwawa la Kihansi linajengwa mimi ni mtoto, baba alikuwa kibarua kule. Mwaka 2000 mitambo ikaanza kazi, megawati 180, nchi nzima inashangilia umeme, na maji yaliyokuwa yanaporomoka korongoni yakageuzwa yakaingia kwenye mtaro. Yale maporomoko yalikuwa yananyunyiza ukungu mchana na usiku, na ndani ya ule ukungu, eneo dogo tu la mlimani, hakuna pengine duniani, anaishi chura wa Kihansi. Mnamkumbuka, tulikuwa tunamsikia bungeni na magazetini, watu wanacheka eti chura anapanda ndege kwenda Marekani wakati hospitali haina dawa. Ni kweli alipanda. Walichukuliwa 499 wakaletwa Bronx mwaka ule ule. Kule nyumbani wakaweka mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, ukaja ugonjwa wa kuvu wa ngozi, wakaisha. Na huku nao wengi walikufa, zikabaki zoo mbili tu zenye chura hao duniani, Bronx na Toledo, Ohio. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Sasa mimi nimeingia nyumba ya reptilia ya Bronx 2013, natafuta choo cha mtoto kusema kweli. Pembeni kuna kisanduku cha kioo, hakuna foleni, moss ya kijani, na kibomba kinatoa mvuke wa maji. Nikasoma kibao, nikaona Tanzania, nikaona Kihansi. Nikainama. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu jani likasogea. Rangi ya manjano ya ndizi iliyoiva, mdogo anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki, na shingoni panapiga, panapiga, ule mpigo wa haraka. Huyu hatagi mayai majini kama chura wengine, anazaa watoto hai, na watoto wake ni kama punje. Nimezaliwa kilomita chache kutoka kwake na sijawahi kumwona, nimekuja kumwona New York nyuma ya kioo. Mke wangu akarudi akanikuta nimepiga magoti.

Mwaka 2010 walirudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoka Bronx na Toledo, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Wale wale waliomweka Ota Benga kwenye nyumba ya nyani ndio walimtunza chura wetu miaka kumi. Vyote viwili ni kweli na hakuna kinachofuta kingine. Kwangu mimi sehemu bora ya zoo Marekani ni kile kisanduku.

Dada_Mchumi
Mimi niliwahi kucheka ile habari ya chura kupanda ndege. Nimekoma.

Mtoto_wa_Uvira
Asante Mlimba. Bado siendi, lakini asante.

bi_Mkunde
Nyinyi mnazungumzia nyumba za giza kama kitu cha kufurahia, mimi sitaingia tena. Jina la zoo silitaji, ni ya jimbo la kusini. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu, kavaa vile viatu vinavyowaka taa akikanyaga, mlangoni mfanyakazi akasema taa zinawasumbua wanyama, tumvue. Nikamvua, nikaviweka kwenye pochi, akabaki na soksi, nikamshika mkono. Mbele kuna komba wadogo wanaruka, watu wakasukumana kuangalia, ule mkono ukachomoka. Jamani. Giza. Soksi hazina sauti. Naita jina, naona vivuli tu, watoto wa watu kila mahali, namshika huyu si wangu, namshika yule si wangu, mfanyakazi ananiambia punguza sauti wanyama wanashtuka, mimi nikasahau Kiingereza chote, nikapiga kelele za kwetu, mwanangu, mwanangu, nisaidieni mwanangu. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka mwisho kabisa wa giza: "Dada usilie, mtoto iko huku kwangu, namushika." Nikaifuata ile sauti huku napapasa ukuta, yeye anaendelea kuongea ili nisipotee, "kuja, kuja, niko hapa". Mama wa Kikongo, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alimsikia mtoto analia "mama njoo" kwa Kiswahili ndiyo akamdaka. Nikamkumbatia hata sura yake sijaiona.

MamaPacha_Ohio
Nalia ofisini.

jua_kali_KC
Mliendelea kuwasiliana??

bi_Mkunde
Ndiye wifi yangu sasa. Kaka yangu kamuoa.

Njoo_Tanga
WACHA WEWE

Bonge_la_Bwana
Uzi umeisha hapa. Zoo bora ni hiyo asiyoitaja.

Nanyuki_Boy
Ushauri kwa wenye watoto: andika namba ya simu kwenye mkono wa mtoto na kalamu isiyofutika.

Mchaga_wa_Maryland
Au ile kamba ya mgongoni, wazungu wanazitumia sana.

bi_Mkunde
Mtoto si mbuzi. Kamba hapana.

MamaPacha_Ohio
Mimi nina mapacha, kamba ndiyo, na anayetaka kunisema aje awashike yeye.

Dada_Mchumi
Kwa mambo ya watoto kupotea zoo, Brookfield karibu na Chicago ndiko 1996 mtoto wa miaka mitatu alidondoka kwenye eneo la masokwe, na sokwe jike anaitwa Binti Jua, na mwanaye yuko mgongoni, akambeba yule mtoto mpaka mlangoni kwa wafanyakazi. Nilipofika nilikaa Tropic World, nyumba ilipotokea hiyo, muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

KilindoniKwetu
Mimi nasema Georgia Aquarium, Atlanta. Papa potwe chini ya paa moja, unapita kwenye handaki la kioo anakupita juu. Na nimetoka kisiwa cha Mafia, kwenye hao potwe, najua ninachosema.

Bonge_la_Bwana
Aquarium si zoo.

KilindoniKwetu
Samaki si mnyama?

MtuWaKilosa
Msianze. Mlimba, nimeamua, kiangazi naleta familia New York. Bei ikoje?

Mlimba_hadi_Jersey
Jumatano palikuwa na tiketi za bure za kukata mapema mtandaoni, zilikuwa zinaisha haraka, uliza kama bado zipo na ni kwa nani. Kama unalipa, kata uanachama wa familia wa zoo ya hapo kwenu Dallas kwanza, zoo nyingi zinapeana punguzo la nusu, uliza kama wamo. Wenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula, ionyesheni, zoo nyingi zinapunguza pia. Na ukifika anza nyumba ya reptilia asubuhi kabla shule hazijashusha mabasi, umuulize mfanyakazi chura wa Kihansi wako wapi siku hiyo. Usiondoke hujauliza.